Dungu la Viwanja Sitini

Siku ile mjinga alikuwa Seni, na hata leo ukimuuliza hakatai. Alikuwa amekaa juu ya tela la pawatila yake, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, kwenye soko la mbao la Ifakara, miguu inaning'inia, kipande cha muwa mdomoni, anasubiri mzigo. Mzigo ulipochelewa akaanza kutafuta mtu wa kumcheka. Soko lilikuwa limefurika. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na kuuzwa, na kila aliyeshika chochote alitaka kukigeuza kuwa mlango au dirisha kabla ndugu hawajasikia. Misumeno ililia huku na huku, na vumbi la mtiki liliwakaa watu kwenye nyusi kama unga wa mashineni.

Ndipo akamwona dada mmoja anapima mbao kwa futi ya cherehani.

Ilikuwa ile ile laini, ya njano, ambayo mafundi nguo huivaa shingoni. Dada mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mikono mipana, lililomkaa kiunoni kwa adabu, na kilemba cha kitambaa hicho hicho, na kwapani alibana karatasi kubwa iliyoviringishwa. Alikuwa anainama, anapima, anasimama, anafungua karatasi, anasoma, anainama tena. Muuza mbao alishachoka kumsubiri, akaamua kukaa chini.

"Dada," Seni akaita kutoka kwenye tela, "hiyo mbao unaishonea sketi au suruali?"

Watu wakacheka. Dada hakugeuka.

"Inategemea anayevaa," akajibu, futi mkononi. "Teremka nikupime na wewe. Kwa ninavyoona, kofia yako itakula kitambaa kidogo sana."

Kicheko kikahama, kikamfuata Seni juu ya tela. Akateremka. Akataka kujua kinachojengwa ni kitu gani hasa mpaka kipimwe namna hiyo, akaambiwa ni chumba kimoja cha uani chenye kibaraza, cha baba yake huyo dada, na ile karatasi ndiyo ramani, na ramani iko njiani kwenda ofisi ya mipango miji kwa mara ya pili. Hapo Seni alicheka mpaka muwa ukamkwama kooni. Chumba cha uani, kwa ramani! Akasema kwao zizi la ng'ombe mia linasimama kabla jua halijawa kali, na hakuna ng'ombe aliyewahi kudai kuona mchoro.

"Ndiyo maana kila kiangazi mnahamisha zizi," dada akasema, akamkabidhi ncha moja ya ubao abebe.

Akabeba. Aliupakia ubao ule na wenzake, akaupeleka mpaka nyumbani kwa dada, mtaa wa Viwanja Sitini, na njia nzima alikuwa anageuka nyuma kumtazama dada aliyekaa juu ya mzigo, mkono mmoja umeshika kilemba, mwingine umeshika ramani. Jina lake lilikuwa Odilia. Alikuwa fundi nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka moja karibu na soko kuu, akishona sare za shule.

Ukimwona Odilia na karatasi zake ungedhani ni mtu wa kupenda makaratasi tu. Haikuwa hivyo. Marehemu mama yake alikuwa na kibanda cha mama lishe kando ya barabara, cha mbao na mabati, kilichowasomesha yeye na wadogo zake. Hakikuwa na kibali, na kilikaa ndani ya eneo la barabara. Asubuhi moja walikuta mlangoni msalaba mwekundu, X kubwa ya rangi, na kabla mama hajapata pa kuhamishia masufuria, katapila likapita. Mama hakupika tena kwa ajili ya mtu yeyote. Alikaa ndani, akazidi kunyamaza, mpaka akafa. Tangu hapo Odilia hakupigilia hata msumari wa kutundikia kalenda bila kujiuliza nani mwenye ukuta.

Nyumba aliyoachiwa na mama ilikuwa ndogo, chumba na sebule. Baba yake, Mzee Damiani, Mndamba wa upande wa Malinyi aliyezeekea mashambani, aliletwa mjini kwa sababu miguu ilikuwa inavimba na moyo unamchezea, na daktari alitaka asikae mbali na hospitali. Mzee alikuja. Lakini chumbani hakutaka kulala, maana binti yake angelala wapi? Na sebuleni nako hakutaka, kwa sababu Odilia angelazimika kumpita akiwa amelala ili atoke nje. Kwa Mzee Damiani hilo halikuwa na mjadala. Baba hapitwi na binti yake hali amelala, kama gogo. Kwa hiyo kila jioni alikuwa anaburuza mkeka wake, anaupeleka barazani kwenye mbu na baridi, na kila asubuhi kikohozi kilikuwa kimeshuka hatua moja zaidi kifuani.

Akamwambia bintiye wazi. Akipata mlango wake mwenyewe atabaki mjini. Mvua zikianza kabla ya mlango huo, anarudi shambani kwake.

Ndiyo maana Odilia alikuwa anapima mbao kama mtu anayepima dawa. Mchoro wa kwanza ulirudishwa. Chumba kilikuwa kimesogea mno kwenye uzio, na kona yake moja imekaa juu ya shimo la choo. Ilitakiwa aache mita moja na nusu mpakani. Akachoresha upya, akasogeza chumba katikati ya ua, akapigilia vigingi na kufunga kamba ardhini ili baba aone mlango utakapokaa, akapeleka tena ofisini, akawa anasubiri.

Mapenzi yao yaliingia katikati ya kusubiri huko. Seni alikuwa akitoka kubeba mpunga wa watu Idete anapitia barazani kwa Odilia na nusu debe la mchele, anasema limedondoka kwenye tela. Asipoweza kupita, alikuwa anapiga simu.

"Halo. Hapo ni ofisi ya vibali?"

Odilia, mguu kwenye cherehani, alikuwa anajibu kwa sauti ya mtumishi wa umma aliyechoka kwamba ofisi iko wazi, mwombaji aeleze shida yake.

"Naomba kibali cha kuja kukuona jioni."

"Umeacha mita moja na nusu kwa jirani?"

"Ninavyokupenda, Odi, sina nafasi ya kuacha."

"Basi ombi limerudishwa. Karekebishe mchoro, mpenzi."

Na jioni alikuwa anakuja hata hivyo, ameoga, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza, anampa mzee shikamoo kwa magoti yaliyokunjwa nusu, na mzee anaipokea bila haraka. Walipatana. Mndamba na Msukuma kama Seni wana mengi ya kutaniana, ng'ombe wa huyu walivyokula mpunga wa yule, na mzee alikuwa akicheka mpaka anashika kifua. Seni aliposema anataka kuwatuma wazee wake, Odilia hakuzunguka. Baba apate mlango kwanza. Siku baba atakapofunga mlango wake kwa ndani, wazee waje.

Kwa hiyo Seni naye akawa anasubiri kibali. Kwa mtu aliyekulia kwenye mazizi, kusubiri karatasi ni kama kuvaa viatu vya mtu mwingine.

Mwezi wa kumi na moja Odilia akaenda Morogoro kununua vitambaa vya sare, akaacha maagizo kwamba Seni amwangalie mzee. Seni alipofika mchana alimkuta Mzee Damiani anafunga mkeka wake kwa kamba. Juu ya milima ya Udzungwa wingu lilikuwa limekaa, jeusi, na mzee alikuwa amelielewa mapema kuliko watu wote wa mtaa.

"Nimesubiri, mwanangu," akasema. "Sina ugomvi na mtu. Lakini mvua ile pale."

Seni akapiga hesabu haraka. Mzee akiondoka, hospitali inabaki huku na mgonjwa huko, barabara ya Malinyi katikati imegeuka uji. Akamsihi. Akamuuliza ni kitu gani kitamfanya akae. Mzee akatazama vile vigingi na kamba za binti yake ardhini, akatikisa kichwa kwa upole.

"Chumba sikuomba mimi. Matofali yananibana pumzi. Mimi ningepata dungu tu."

Kwa asiyelijua, dungu ni kile kibanda cha mashambani kinachosimama juu ya nguzo, sakafu ya fito, paa la nyasi, ambacho mkulima wa bonde hukaa na kulala msimu mzima, maji yakipita chini na ndege wakifukuzwa toka juu. Mzee Damiani alikuwa amelala humo sehemu kubwa ya maisha yake. Na Seni alipolisikia neno hilo akaona mlango umefunguka. Akatoa simu ampigie Odilia. Akaitazama. Akajiambia atamharibia furaha ya kukuta kitu kimekamilika. Moyoni alijua kabisa kwamba akipiga, jibu ni hapana. Akairudisha simu mfukoni.

Hoja yake aliipanga vizuri, kama wajinga wote. Nyumba ina msingi, ina tofali, imekaa ardhini. Dungu limesimama hewani. Sasa hewa nayo ina kibali? Alimuuliza mzee, na mzee akasema katika umri wake wote hakuna aliyemuuliza habari za dungu isipokuwa kwelea, wale ndege wa kula mpunga.

Nyasi zilitoka Idete, na fito na nguzo pia, zote kwa pawatila. Katikati ya ua walipaheshimu, kwa sababu ya kamba za Odilia, hivyo dungu wakalisimamisha pembeni kabisa, limegusana na uzio. Mzee alibadilika. Mtu aliyekuwa anaongea kama anaomba radhi akawa anatoa amri, nguzo hii iinuliwe, fundo hilo lirudiwe, Msukuma gani huyu asiyejua kukaza kamba. Mwenyewe alikuwa wa kwanza kupanda ngazi kulipima, miguu ile ile iliyovimba, akakaa juu, akavuta pumzi ndefu, na Seni alimwona anafuta macho kwa kiganja akisingizia vumbi la nyasi.

Kulipokucha mzee hakukohoa. Alikaa juu ya dungu lake na kikombe cha chai, uso mashariki kama alivyozoea maisha yote. Mashariki ya dungu, ng'ambo ya uzio, kulikuwa na bafu la jirani. Jirani huyo, Mama Yunis, mjane wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa, alikuwa na bafu la mabati manne yaliyosimama na juu hakuna kitu, maana juu hapakuwahi kuwa na mtu.

"Habari za asubuhi, mama," mzee akasema kwa heshima zote.

"Shikamoo," Mama Yunis akaitika, kwa jinsi alivyolelewa, na ndipo akakumbuka kwamba hakuvaa kitu isipokuwa sabuni.

Mtaa ulicheka siku hiyo. Mama Yunis hakucheka. Alivaa akaenda moja kwa moja kwa mtendaji.

Odilia aliporudi, akiwa juu ya bodaboda na robota la kitambaa cha buluu mapajani, aliona paa la nyasi kabla hajaiona nyumba yake. Uani alimkuta Seni anabishana na mwanamume mpole mwenye miwani na kopo la rangi. Huyo alikuwa Telesphory, mkaguzi wa majengo. Seni alikuwa anamweleza habari ya hewa.

"Lina paa?" Telesphory akauliza.

"Lina."

"Mtu analala?"

"Analala."

"Basi ni jengo, kaka yangu."

Akaichora X kwenye nguzo ya mbele, taratibu, bila kufurahia, kama mtu anayemfunga mwenziwe bandeji. Kisha akamgeukia Odilia, akampa pole, na pole hiyo ndiyo iliyomuua. Alimweleza kwamba mchoro wake ulishapita. Kilichobaki kilikuwa yeye mkaguzi kuja kuona kiwanja, na alikuwa aje wiki hiyo hiyo. Sasa amekuja, na ameona jengo lisilo na kibali limeegemea mpaka. Hawezi kuandika kwamba hakuliona. Dungu liondolewe, kiwanja kikaguliwe upya, na ombi lingoje kikao kingine, ambacho kwa hali ilivyo kitakaa mvua zikishapungua.

Odilia aliliweka robota chini, akakaa juu ya zile mbao zake zilizofunikwa nailoni, akaitazama rangi inavyotiririka kwenye nguzo. Nyekundu ile ile.

"Odilia," baba yake akaita kutoka juu, "kuna nini hapo chini?"

"Hakuna kitu, baba. Wanapima tu."

Mkaguzi alipokwenda, Seni akamsogelea. Alikuwa na maneno mengi, alikuwa na kikohozi kilichokoma, alikuwa na wingu la Udzungwa na mkeka uliofungwa kamba. Odilia alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungenipigia," akasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo."



Mzee Damiani alishuka mwenyewe. Akaikuta ile alama, akauliza maana yake, akaambiwa, akaigusa kwa kidole na kidole kikatoka chekundu. Aliwahi kuiona mlangoni kwa mke wake. Hakulaumu mtu. Aliufunga tena mkeka kwa ile ile kamba, na Odilia alipopiga magoti kumsihi achukue chumba, achukue nyumba nzima, yeye atalala kwa Mama Yunis, kokote, mzee alimwinua akamwambia asiwe mtoto. Asubuhi akapanda basi la Malinyi, na mvua ikamfuata nyuma.

"Usinipigie, Seni," Odilia akasema pale stendi, basi lilipokata kona. Hakuwa amekasirika hata. Ingekuwa hasira, Seni angeiweza.

Alipiga, bila shaka. Alipiga mchana, wakati wa ofisi ya vibali, simu ikaita mpaka ikachoka. Alituma ujumbe ukasomwa, haukujibiwa. Alilivunja dungu peke yake, nguzo moja moja, akisawazisha mashimo kwa kiganja kana kwamba anafukia kitu kilicho hai. Kisha akaanza kwenda ofisini, yeye aliyecheka karatasi, akakaa kwenye benchi na wenye karatasi. Alijifunza nafasi ya mpakani, nafasi ya mbele, umbali wa shimo la choo, na kwamba kuta zinaweza kuwa za matofali au za matete, kinachoulizwa ni paa na mtu. Telesphory akamzoea mpaka akawa anamuuliza habari za nyumbani. Seni alikuwa anajibu nzuri.

Siku moja alipeleka suruali barazani kwa Odilia. Odilia akaipokea kama ya mteja yeyote, akaigeuza.

"Hii imechanwa. Haijachanika."

"Nimeichana mwenyewe asubuhi."

Odilia aliishona, akakata uzi kwa meno, akamrudishia. Alikuwa amekonda. Futi shingoni ilimning'inia kama ya mtu mwingine. Seni akauliza mzee anaendeleaje, akaambiwa amelimiwa shamba lake na shangazi na vibarua, yeye yuko juu ya dungu anangoja ndege. Kazi hiyo inamfaa mwenye miguu mibovu. Dawa anatumiwa kwa basi, basi likipita. Akamaliza hapo, akamwita mteja wa nyuma.

Masika yakashuka kweli kweli. Barabara ikakatika, ikaungwa, ikakatika tena. Watu wa ng'ambo wakawa wanapatikana kwenye simu wakipanda juu ya vichuguu kutafuta mtandao.

Mvua zilipoanza kuchoka, Mama Yunis alimsimamisha Seni njiani. Alikuwa amejifunga kanga nyeusi, na Seni akaielewa kabla hajafungua mdomo. Mzee Damiani hayupo. Alizidiwa shambani, wakambeba kwenye machela kutafuta gari, na gari halikuweza kuja. Odilia aliwahi mazishi kwa shida, akitembea pale basi liliposhindwa, na hajarudi. Kisha Mama Yunis akasema na lile jingine, akitazama chini. Yule wa miwani alipita jana. Kile kibali cha Odilia kimetoka, kikachukuliwe.

"Mimi nilisema waligeuze, Seni," akasema. "Nilisema waligeuze tu lile dungu. Sikusema waliondoe."

Seni alimwambia anajua. 

Aliwasha pawatila. Njia ya Malinyi, ambayo basi huimaliza kwa asubuhi moja, yeye aliisaga kutwa nzima na kesho yake, akikwama, akisukumwa, akilala kwenye nyumba ya watu asiowajua huko Mtimbira, na hakuna aliyemwona njiani akadhani ni mtu wa kutaniwa. Shangazi yake Odilia akamwonyesha njia ya shambani, akamkumbusha avue viatu.

Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka njano. Katikati yake dungu la mzee lilisimama limeinama, nguzo yake moja imelambwa na mafuriko mpaka imebaki mfano wa kidole. Odilia alikaa juu, kaniki mwilini, kichwa kimenyolewa, anavuta kamba yenye makopo. Kundi la kwelea likaruka, likazunguka, likatua mbele kidogo. Hakuonekana kushangaa kumwona Seni. Alionekana kama mtu aliyeacha kushangaa.

Seni alimpa pole, akiwa chini, maji kwenye vifundo. Odilia akaipokea. Akavuta kamba mara nyingine.

"Kibali kimetoka," Seni akasema.

"Najua. Telesphory alinitumia ujumbe. Nikapanda kichuguu nikausoma." Akatazama mpunga. "Kimeandikwa chumba cha uani na kibaraza. Cha nani sasa?"

Seni akamwomba arudi nyumbani. Akasema atakijenga yeye, kwa mchoro ule ule, sentimita kwa sentimita, amejifunza. Odilia akasema harudi mpaka mpunga wa baba uingie guniani, hawezi kuwaachia ndege kitu cha mwisho alichokilinda. Seni akaanza kujilaumu, na alipoona kujilaumu hakumpi nafuu, akailaumu ofisi na vikao vyake, akamlaumu Mama Yunis na bafu lake, akaifikia barabara.

"Usimgawie kila mtu lawama," Odilia akamkata. "Baba alikuwa mgonjwa, Seni. Angekufa tu. Lakini angefia kwangu."

Hakulia. Seni ndiye aliyegeuza uso, akausugua kwa mkono wa shati, na alipougeuza tena macho yakaangukia ile nguzo iliyoliwa. Upepo ulipopita, dungu zima likaguna na mtu wake juu. Hapo angalau palikuwa na kitu ambacho mikono ingeweza kukifanya. Akachomoa panga la shambani lililochomekwa kwenye fito, akaanza kuelekea vichakani ukingoni mwa shamba.

"Unakwenda wapi?"

"Kukata nguzo. Hili halivuki wiki hii, litaanguka na wewe."

"Nani amekwambia ukate?"

Seni akasimama. Uchovu wa njia nzima ukampanda, na huzuni, na ile miezi ya simu isiyopokelewa, akajikuta anabishana kama zamani, kama pale sokoni, panga mkononi na matope magotini. Akamwonyesha bonde lilivyo pande zote. Akamuuliza kama anaona mtaa hapa, au jirani, au uzio, au kopo la rangi.

"Hakuna ofisi hapa, Odi. Hakuna mtendaji. Kuna mpunga na ndege. Sasa dungu la hapa naliombea kibali kwa nani?"

"Kwangu," Odilia akasema. "Na hujaomba."